Jibini ya kisibiti kutoka Latvia: tuile au tuiache?

Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, baada ya swala ya Alasiri, alitujia ofisini msikitini mzee mmoja katika majirani zetu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji wa Tanga. Mkononi alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Akatoa salamu, akaketi, akaifunua. Ndani mlikuwa na kitu cha duara kama mkate wa kumimina, cha rangi ya manjano iliyofifia, juu yake pana alama za mikunjo ya kitambaa, na mwilini kimetapakaa mbegu nyembamba za rangi ya kahawia.

"Katibu," akatuambia, "mwanangu amekipika hiki nyumbani kwangu, kwa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Mama yake amekula, na wadogo zake wamekula. Mimi nimeshindwa. Naomba mnieleze, ni halali au si halali?"

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwanawe anasomea udaktari mjini Riga, mji mkuu wa Latvia, na alikuwa amerudi likizo. Masika yalikuwa yamepita lakini nyasi zingali tele, na kila anayefuga huku kwetu anajua kwamba huo ndio msimu ambao maziwa huwashinda wanunuzi. Maziwa ya jioni yalikuwa yamebaki, umeme umekatika tangu adhuhuri, na mama alikwisha kuanza kupiga hesabu ya kuwagawia majirani na kuyamwaga yatakayosalia. Kijana akaomba aachiwe jiko. Usiku ule akagandisha, kesho yake akapika, na wakati wa chakula cha mchana akaweka mezani jibini.

Mama akauliza jina lake. Kijana akasema kwa Kilatvia inaitwa Jāņu siers, yaani jibini ya Jāņi. Baba akauliza, huyo Jāņi ni nani? Hapo kijana angeweza kukwepa, lakini hakukwepa. Akaeleza kwamba Jāņi ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, watu huwasha mioto mikubwa usiku kucha, huvaa mataji ya majani na maua, huimba, hunywa bia, na hula jibini hii. Mzee akakiweka chini kipande alichokuwa amekishika, akanawa, akaondoka. Siku mbili baba na mwana hawakuzungumza ila kwa salamu.

Tuliona haya si maswali ya kujibiwa kwa neno moja na kumwacha mtu aende zake. Nyumba ilikuwa imeingia ubaridi kwa ajili ya chakula, na watoto wetu wanaosoma na kufanya kazi ugenini ni wengi, kila mmoja atarudi na chakula chake na jina lake. Tukamwomba mzee atuachie siku tatu, tukamwita kijana, na Imamu wetu akakubali kukaa nasi. Tunayoyaandika hapa ni yaliyotoka katika kikao hicho, pamoja na yale tuliyoyaona kwa macho yetu pale kijana alipoipika tena jibini hiyo katika jiko la msikiti.

Nchi yenye usiku wa saa sita

Latvia ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, baina ya Estonia na Lithuania, na watu wake hawafiki milioni 2. Ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti hadi mwaka 1991, na mwaka 2004 ikajiunga na Umoja wa Ulaya. Waislamu wa huko ni wachache sana. Hata hivyo tafsiri ya Qur'ani kwa lugha ya Kilatvia ipo. Ilichapishwa mwaka 2011, na aliyeifanya ni mshairi wao mashuhuri, Uldis Bērziņš. Kijana alituambia kwamba ndicho kitabu alichokitumia kujifunzia lugha hiyo, kwa kuwa maana za aya alikuwa nazo tayari kichwani.

Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, ambako Magharibi haitofautiani sana mwaka mzima, jambo gumu kulizoea katika nchi ile ni jua. Wakati wa baridi mchana ni mfupi na wa kiza. Kisha mwezi wa Juni hugeuka: jua huzama Riga yapata saa 4:20 za usiku, na huchomoza yapata saa 10:30 za alfajiri. Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni umekuwa na uzito mkubwa kwa watu wale tangu zama za kabla ya Ukristo, walipokuwa wakilitukuza jua na rutuba ya ardhi. Kanisa lilipofika likaifungamanisha siku hiyo na kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Jina Jānis ni Yohana kwa Kilatvia, na Jāņi ni wingi wake. Basi huyo "Jāņi" aliyeulizwa na mzee ndiye, kwa jina, Nabii Yahya bin Zakariya (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu amemtaja kwa sifa tukufu katika Suratu Maryam, kwamba alipewa hekima angali mtoto, na kwamba alikuwa mtiifu kwa wazazi wake.

Mzee aliposikia hayo alitutazama kwa muda. Tukafanya haraka kumwambia kwamba jina la Nabii haliifanyi sikukuu ile kuwa yetu, na kwamba mioto na bia havina uhusiano wowote na Nabii Yahya. Lakini tuliona ni haki ajue.

Tarehe 23 na 24 Juni zote mbili ni siku za mapumziko huko. Mama mwenye nyumba huandaa jibini, baba mwenye nyumba huandaa bia, na wageni wanaopita wakiimba hupewa vyote viwili. Jibini hufinyangwa duara kwa sababu ya jua, na mikunjo ya kitambaa kilichofungwa juu yake huachwa ionekane, kama miale. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina la jibini hiyo miongoni mwa vyakula vya asili, ili asije mtu akauza kitu kingine kwa jina hilo.

Kijana yeye aliijua kwa njia nyingine. Amepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Juni yake ya kwanza bibi alimgongea mlango na kipande cha jibini sahanini. Akakikataa kwa adabu, akisema dini yangu. Bibi akadhani ni habari ya nguruwe, akaapa kwamba humo hamna nguruwe. Kijana hakuwa na Kilatvia cha kutosha kumweleza kwamba hofu yake ilikuwa kwa kile kinachogandishia maziwa. Bibi akarudi na sahani yake, na uso umemshuka. Wiki iliyofuata akamwita jikoni. Alikuwa amepanga juu ya meza maziwa, maziwa ya mgando yaliyochujwa, mayai, siagi, chumvi na mbegu, akamwonyesha kiti, akamwambia aketi aangalie tangu mwanzo hadi mwisho. Na akaongeza habari kwamba miaka ya nyuma aliwahi kukaa naye Mwislamu mwingine, wakati sikukuu yao ilipoangukia ndani ya Ramadhani, na kwamba alikuwa akimwekea kipande chake hadi jua lizame. Tulipiga hesabu tukaona maneno yake ni sahihi, kwani miaka ya 2015, 2016 na 2017 tarehe 23 Juni ilikuwa ndani ya Ramadhani. Mtu akifunga Riga siku hizo anazidisha saa kumi na nane bila chakula wala maji.

Kinachogandisha maziwa

Imamu wetu alianza na kile kilichomo sahanini, kabla ya kuingia katika habari ya sikukuu.

Jibini kama jibini haina ubishi. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini alipokuwa Tabuk, akaitisha kisu, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Mjadala wa wanazuoni umekuwa juu ya infaha, nayo ni ile dawa ya kugandishia inayotolewa katika tumbo la ndama au mwanambuzi anayenyonya. Jibini nyingi ngumu za Ulaya hugandishwa nayo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, infaha ikitoka kwa mnyama aliyechinjwa kisheria ambaye hajala kitu ila maziwa, ni tohara. Ikitoka kwa mnyama mfu, au aliyechinjwa na asiyefaa kuchinja, ni najisi, na jibini yake haifai. Imamu Abu Hanifa (r.a.) anaiona infaha ya nyamafu kuwa tohara, na Ibn Taymiyya ameielekea rai hiyo, akitaja kwamba Masahaba walipofungua Iraki walikula jibini za Wamajusi. Siku hizi vipo pia vigandishio vitokanavyo na kuvu na vijidudu vinavyofugwa viwandani, ambavyo havina mnyama ndani yake. Lakini pakiti ya dukani mara nyingi huandika neno moja tu, kigandishio, pasipo kusema kimetoka wapi, na hapo ndipo familia nyingi hubaki na shaka.

Sasa jibini hii ya Latvia ina jambo lake. Haigandishwi kwa infaha. Inagandishwa kwa uchachu wa maziwa ya mgando yakikutana na maziwa mapya yaliyo moto sana. Ni maziwa kugandishwa na maziwa. Mzee, ambaye amekaa na ng'ombe maisha yake yote, alilielewa hili mbele yetu sote. "Kama yanavyokatika yakiwa yamelala kisha ukayachemsha," akasema. Ndivyo hasa.

Limebaki angalizo moja kwa wanaoishi huko. Yale maziwa ya mgando yaliyochujwa, wanayoyaita biezpiens, yakinunuliwa dukani baadhi ya watengenezaji huyaongezea kigandishio ili yashikamane upesi. Asome karatasi iliyobandikwa, na akitia shaka ayatengeneze mwenyewe nyumbani. Tena vyombo: asiyekuwa na jiko lake peke yake katika nchi ya wala nguruwe anunue sufuria yake. Akikosa, ipo Hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) katika Sahihi mbili, aliyeuliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaelekezwa kwamba asipopata vingine avioshe na avitumie.

Ama sikukuu, Imamu alitenganisha mambo ambayo mzee alikuwa ameyaunganisha. Kusherehekea siku ile hakufai. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina akawakuta watu wana siku mbili za michezo tangu zama za ujahili, aliwaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora, nazo ni Idi zetu hizi. Kwa hiyo kuvaa taji la majani, kukaa kwenye moto ule, au hata kuipika jibini hii makusudi tarehe 23 Juni ili nasi tuwe na Jāņi yetu, huko ni kujifananisha, na tunamwonya kila mzazi ambaye mwanawe yuko huko.

Lakini chakula chenyewe hakibebi sikukuu mwilini mwake. Zimepokewa habari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) na kutoka kwa Abu Barza (r.a.) kuhusu zawadi ambazo majirani Wamajusi walikuwa wakiwaletea Waislamu katika sikukuu zao. Muhtasari wake ni kwamba walichochinja kwa ajili ya siku hiyo kisiliwe, ama matunda na mfano wake yaliwe. Ikiwa zawadi ya siku yenyewe imepewa nafasi hiyo, vipi maziwa ya ng'ombe wa Tanga yaliyopikwa na kijana anayeswali, mwezi wa Julai, kwa kuwa umeme umekatika?

Sisi si mamufti, na tunajua wapo masheikh ambao wangependa jina lile lisitajwe kabisa. Tunawaheshimu. Nasi nyumbani mwetu tungeiita jibini ya kisibiti, yatosha.

Jinsi ilivyopikwa mbele yetu

Kisibiti ndiyo mbegu yenyewe, ile inayotafunwa baada ya chakula ili kuondoa gesi. Msiichanganye na binzari nyembamba, inayotiwa katika pilau. Kwa macho zinafanana sana, na muuza viungo mwenye haraka atakupa ile iliyo karibu na mkono wake. Nusa kwanza. Binzari nyembamba ina ukali wa pilau, kisibiti ina harufu ya utamu iliyo karibu na ya shamari. Kosa hili lilitupata siku ya kwanza, tukapata jibini yenye harufu ya walima.

Kwanza hutayarishwa maziwa ya mgando. Kijana alichemsha lita 5 za maziwa ya ng'ombe, akayaacha yapoe hadi kidole kikivumilia, akatia kikombe cha mtindi, akafunika kwa kitambaa hadi asubuhi. Kwa joto la pwani usiku mmoja unatosha. Huko Latvia, alisema, huweza kuchukua siku nzima na zaidi. Yalipoganda kama sahani moja, aliyaweka juu ya moto mdogo mno, bila kukoroga ila kuyakata kwa kisu, mpaka maji ya kijani-manjano yakajitenga. Yasichemke hapa, kwani yakichemka chenga zake zitakuwa ngumu kama mchanga. Kisha akayamimina katika kitambaa safi cha pamba na kukining'iniza kwa saa tatu. Lita 5 zilitoa karibu kilo 1 ya chenga laini.

Baada ya hapo yalikuja maziwa mengine mapya, lita 5. Yawe maziwa ya kuchemsha wenyewe. Yale ya pakiti ya kukaa muda mrefu bila friji hayashikani vizuri, hutoa chenga dhaifu. Aliyapasha moto hadi yakaribie kuchemka, nyuzi 90 hivi kwa mwenye kipimajoto. Asiye nacho atazame vipovu vidogo pembezoni na mvuke mzito juu. Hapo akazitia zile chenga kilo 1, akizifikicha kwa vidole, huku akikoroga taratibu kwa mwiko hadi chini ya sufuria, kwa maana maziwa yakishika chini harufu ya kuungua haitoki tena.

Kwa dakika chache hapakutokea kitu, na mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni akidai kuwa anapita tu, akatikisa kichwa. Kisha ghafla sufuria ikafunguka. Maziwa yakakatika mapande mapande, na kati yake yakaonekana maji maangavu. Kijana akapunguza moto, akaacha dakika kumi na tano, akamimina vyote katika kitambaa. Maji yasipokuwa maangavu, yakabaki meupe, maana yake uchachu haujatosha. Ongeza chenga kidogo, au ndimu, na usubiri.

Maji hayo yasimwagwe. Mama wa kijana aliyachukua kukandia chapati, na mzee akachukua ndoo ya pili kwa ndama wake.

Hatua inayofuata ndiyo inayoitenganisha jibini hii na jibini nyingine za nyumbani, na ndiyo iliyotushinda mara ya kwanza. Katika sufuria nzito huyeyushwa siagi gramu 100. Bonge lililochujwa, lingali moto, hutiwa humo. Pembeni huwa yamepigwa mayai 4 pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi na vijiko viwili vya chai vya kisibiti iliyolowekwa kwa maji ya moto ili ilainike. Mchanganyiko huo humiminwa juu ya bonge, na mpishi hukoroga na kukanda kwa mwiko, moto ukiwa mdogo kabisa. Moto ukizidi, mayai huiva peke yake, na badala ya jibini unapata mayai ya kuvuruga ndani ya chenga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile ya binzari, wakati jiko letu la gesi la msikiti, lililozoea sufuria za pilau ya Maulidi, lilipokataa kupungua. Mara ya pili tulitumia jiko la mkaa lenye makaa machache na majivu juu yake, na mambo yakakaa sawa.

Baada ya dakika kama kumi chenga hupoteza uchenga wake. Huungana, hung'aa, huvutika kidogo kama unga wa maandazi, na huachana na kuta za sufuria. Hapo huepuliwa upesi na kumiminwa katika kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Pembe za kitambaa huvutwa, husokotwa na kufungwa imara, fundo likae katikati. Kisha mzigo huwekwa kati ya mbao mbili na juu yake kitu kizito. Sisi tuliweka jiwe la kusagia. Saa nne au tano zinatosha, halafu friji hadi kesho. Uzito wake ukazidi kilo 1, kwa lita 10 za maziwa jumla.

Wengine watasema lita 10 kwa kilo moja na kitu ni hasara. Penye mnunuzi wa maziwa ni hasara kweli, na hatumshauri mfugaji aache kuuza apike jibini. Tunazungumza juu ya yale maziwa ya jioni yasiyo na mnunuzi, ambayo alfajiri huwa yamekwisha kuharibika.

Jambo la afya lisipitwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, nazo humpata binadamu pia. Jibini laini za maziwa mabichi ni hatari kwa watoto na kwa mama mjamzito. Hii maziwa yake huchemshwa, nalo bonge hupikwa mara ya pili, basi hofu hiyo imeondoka mradi mikono na kitambaa ni safi. Kitambaa kichemshwe kabla. Lakini ni jibini mbichi isiyohifadhiwa kwa muda. Katika friji ni siku nne au tano. Pasipo friji, kwa joto la kwetu, iliwe siku hiyohiyo na majirani waitwe.

Walatvia huila kwa bia. Kijana alitukatia vipande vyembamba, baadhi akavipaka asali, na mama yake akaleta chai ya tangawizi. Imamu akasema Bismillahi akala vipande viwili. Sisi tulikula zaidi ya hivyo. Ladha yake si kali. Ina umaziwa mzito na chumvi ya kiasi, na kisibiti ikivunjika menoni huacha ubaridi.

Mzee alikaa na kipande chake mkononi kwa muda mrefu. Akamuuliza mwanawe kama yule bibi wa Riga ana watoto. Kijana akajibu, "Anaye mmoja, Baba, lakini yuko mbali, na haji." Mzee akanyamaza, akasema Bismillahi, akala. Hakusema ni tamu wala si tamu. Alhamisi yake akatupigia simu kutuuliza kisibiti halisi inauzwa kwa nani sokoni, kwa maana mke wake amepewa binzari nyembamba mara mbili, na kijana anasafiri Jumapili na anataka kumpelekea yule bibi kisibiti ya Tanga.